Turubai Lisilo na Mteremko

Sijamsamehe Zapryan, na wala simchukii. Nalisema hili mapema asije mtu akafikiri nina kisa naye. Turubai lake lilimuua mkewe mchana kweupe, sisi watu wazima tukiwa karibu kabisa, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuapa kwamba hakuliona likija. Wa kwanza kuliona alikuwa marehemu mwenyewe, Yonka, na yeye peke yake ndiye hakuwa na maneno ya kulisema.

Mimi naitwa Neda. Mimi na mume wangu Minko tuna karavani kwenye kambi ya pwani, kusini kidogo ya mji wa Sozopol, ndani ya msitu wa mialoni unaotazama bahari. Zapryan na Yonka walikuwa majirani zetu wa ubavuni tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nasema karavani, lakini ni jina tu. Zamani zilikokotwa na gari. Siku hizi haziendi popote, magurudumu yamezama mchangani na panya wamezalia ndani yake. Tunakuja Mei, tunaondoka baridi ikianza. Ndani ya karavani mtu analala tu. Maisha yenyewe yako nje, mbele ya mlango, chini ya turubai lililotandazwa juu ya nguzo za chuma: jiko hapo, meza hapo, redio hapo, dagaa wa kukaanga na pombe kali ya rakia hapo, na magomvi yote hapo hapo.

Mwaloni ni mti mzuri kwa kivuli, ila hauna adabu. Mwanzo wa kiangazi unakumwagia vishada vya maua makavu, katikati unakumwagia vijiti na mavi ya ndege, mwisho unakumwagia mbegu na majani. Vyote vinatua juu ya turubai. Mvua ikinyesha, takataka zinasogea zinajibana kwenye mkunjo mmoja, maji yanakosa njia, na turubai linaota kitambi. Kwa hiyo mvua ikikatika tu utaona kambi nzima imetoka na fagio. Mpini wa ufagio unavalishwa soksi usije ukatoboa kitambaa, unakisukuma kile kitambi kutoka chini, maji yanamwagika upande, na lazima yamwagikie mtu. Hapo ndipo urafiki wa miaka unapovunjika.

Ili mambo yasifike huko, kila mtu anashusha nguzo za mbele kidogo, turubai liwe na mteremko, maji yajiendee yenyewe. Kambi nzima inafanya hivyo. Zapryan peke yake hakufanya, na sababu yake ilikuwa Yonka.

Yonka alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda kule Dimitrovgrad, mwanamke wa sauti na mikono. Kila Mei, siku ya kutandaza turubai, tulikuwa tunaacha kazi zetu tuwasikilize wao wawili.

"Vuta! Si huko, punda wewe, huku!"

"Nivute wapi, mama, na kona umeishikilia wewe?"

"Nimeishikilia kwa sababu wewe ungeifunga kwenye shingo yako!"

Turubai kubwa ni kazi ya watu wawili, kulipandisha na kulishusha. Wao walikuwa wawili hasa, na lao lilikuwa limekaza kuliko yote kambini.

Halafu Yonka akapigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na katika maneno yote aliyokuwa nayo yule mwanamke likabaki moja: "hivi". Alikuwa anaomba maji kwa "hivi", anakataa supu kwa "hivi", anatukana kwa "hivi", na ukimsikiliza vizuri unaelewa lipi ni lipi. Nyumba yao ya mjini iko juu kabisa ya ghorofa lisilo na lifti. Binti yao alitaka apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Zapryan akasema labda mumpeleke pamoja na maiti yangu, akampakia kwenye gari, akamleta kambini. Mjini, alisema, ataona dari. Hapa ataona bahari.

Na akahakikisha anaiona. Aligongelea mbao mbele ya karavani zikawa kama jukwaa fupi, akaweka kitanda cha chuma ukingoni kabisa, upande wa bahari. Kila asubuhi anambeba Yonka mgongoni kumtoa, kila jioni anambeba kumrudisha, naye si kijana. Nguzo za mbele akazipandisha zikawa sawa na za nyuma, maana turubai likiteremka tu mbele, mtu aliyelala anaona pindo la turubai na bahari anaikosa. Likalala sawa kama meza. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Nilimwonea wivu Yonka, nikajiuliza Minko wangu angenifanyia hata nusu ya hayo.

Ninachomlaumu ni kingine. Kila Oktoba turubai lazima lishushwe, lipanguswe, likunjwe. Na nani wa kushika kona ya pili? Zapryan hakumwomba mtu. Akaliacha juu mwaka mzima, na Mei ilipofika likiwa limechakaa na limejaa majani, hakulitoa. Alipanda ngazi akatupia jipya juu yake. Mei iliyofuata akatupia lingine. Mpwa wake hubandika mabango barabarani, na mabango ya zamani ni plastiki nzito isiyopitisha tone, kwa hiyo hakukosa vifaa. Hata lile la kwanza, la chini kabisa, lilikuwa bango, lenye uso wa bwana mmoja aliyegombea umeya akashindwa vibaya. Zapryan alilitandaza picha ikitazama chini, ili jua lisichuje wino. Basi ukikaa kwao kunywa kahawa, mgombea anakuchekea toka juu kwa meno yote.

"Angalau hapa ana kazi," Minko alisema mara ya kwanza alipoliona. "Anatukinga mvua. Angeshinda asingetukinga na chochote."

Wakati huo walikuwa bado wanataniana. Baadaye Minko alichimba mfereji wa kupitisha maji yetu, na mfereji ukatokea, kwa bahati mbaya kama anavyodai, mbele ya jukwaa la Zapryan. Zapryan akauziba kwa magunia ya mchanga. Minko akamwaga ukingo wa zege. Tangu hapo hawakusalimiana. Walikuwa wanapitishia maneno kwangu, wote wawili wakiwa wanasikia.

"Neda, mwambie jirani yako redio yake inapiga kelele."

"Neda, mwambie mumeo ahamie makaburini, kuko kimya."

Kiangazi kile cha mwisho mvua zilikuwa nyingi. Mwezi Juni nilianza kumwona Yonka akinyoosha juu mkono wake wa kushoto, ule mzima. Kidole juu, macho juu, "hivi, hivi, hivi." Siku ya kwanza Zapryan alimpa maji. Akayamwaga. Akampa mto mwingine. Akautupa. Kidole kilikuwa kimeelekezwa pale pale, kwenye meno ya mgombea.

Stoil, mwangalizi wa kambi, alikuwa anapita na toroli lake la takataka. Akasimama, akatazama juu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee Zapryan, huoni? Mama hamtaki huyu bwana! Hata kiharusi hakijamtoa siasa!"

Tukacheka wote. Yonka wa kantini alikuwa maarufu kwa hilo. Aliwahi kumfukuza diwani kwa mwiko. Kwa wiki kadhaa ukawa mchezo wa kambi. Watu wanapita, wanamwuliza, "Yonka, vipi mheshimiwa leo?" na yeye ananyoosha kidole, "hivi, hivi," uso umemwiva, na watu wanacheka wanaendelea na safari yao ya baharini.

Zapryan hakucheka sana. Alikuwa mtu wa kutaka mkewe aridhike. Akaenda sokoni Burgas, akarudi na kitambaa cha pamba chenye maua mekundu ya poppi, akakipigilia chini ya bango lote, kona hadi kona, akamfunika mgombea. Kukawa kama chumba cha bibi harusi. Alipomaliza akashuka kwenye kiti, akafungua mikono.

"Haya, malkia. Nimemzika."

Yonka alitazama yale maua, machozi yakamtiririka. Zapryan akambusu kichwani. Akaja hadi kwenye ukingo wa zege, akasahau kama amenuniana na Minko, akaniambia, "Umeona alivyofurahi?" Nami nikaona kama nilivyoambiwa nione.

Mwezi Agosti nilipanda ngazi kufagia turubai letu, kazi ambayo Minko huifanya kila nikishaimaliza. Nikageuza shingo upande wa jirani. Nilikuwa sijawahi kulitazama turubai la Zapryan toka juu, na naapa nilishika ngazi kwa mikono yote miwili. Hapakuwa na turubai. Palikuwa na shamba. Majani ya miaka yalikuwa yameoza yakawa udongo mweusi, nyasi zimeota, miche ya mwaloni imesimama, na katikati bwawa ambalo ndege mmoja alikuwa anaogea bila haraka. Nilijua kwamba chini ya bwawa hilo kuna bango, na chini ya bango majani mengine na maji mengine, na bango tena. Nikatazama nguzo. Zilikuwa zimepinda kwa ndani. Na chini ya uzito wote huo, niliona miguu ya Yonka kwenye ukingo wa kitanda, imefunikwa shuka safi.

Hapo nikajua alichokuwa anakionyesha tangu Juni. Yeye ndiye aliyekuwa analala chali kutwa nzima. Alikuwa anaona kile kitambi kinashuka siku hadi siku, na sisi tulikuwa tunamwambia kuhusu siasa.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja kwa Zapryan. Alikuwa anamenya pilipili za kuchoma.

"Zapryan, shusha turubai hili. Leo."

"Karibu, Neda. Kaa, nikuletee kahawa."

"Sitaki kahawa. Nimeliona toka juu. Una msitu juu ya kichwa cha mkeo. Yonka hakuwa anamwonyesha mgombea, alikuwa anakuonyesha turubai linavyoshuka. Muulize!"

Aliacha kumenya. Akamtazama Yonka. Yonka alinitazama mimi, si yeye, akasema "hivi" moja tu, ya pole pole, kama mtu anayetua mzigo. Mwanamume mwenye akili angepanda ngazi muda ule ule. Zapryan akainua macho, akaona maua ya poppi, mazuri, yamekaza, hayana hata doa.

"Mbona hakuna kitu," akasema.

"Umekificha wewe mwenyewe kwa kitambaa!"

"Neda, usipandishe sauti, unamtia hofu mgonjwa. Nalisukuma kwa ufagio kila mvua."

"Na maji yanatoka?"

"Yanatoka ya kutosha."

"Lishushe. Au basi teremsha nguzo za mbele, yatoke yenyewe."

"Nikiteremsha ataona nini? Pindo?" Sasa naye alikuwa amepandisha. "Na kulishusha nalishusha na nani? Nimfunge kamba mkononi Yonka, avute?"

"Na Minko."

"Minko!" Akarudia kumenya pilipili. "Minko anataka maji yangu yaje kwake? Ndiyo kwanza amejenga bwawa la mto Danube hapa. Mwisho wa msimu, Neda. Oktoba nitalishusha lote. Nimekuahidi."

Nilirudi nikamshika Minko. Nilimwambia vaa viatu, nenda kamsaidie, na ukisema neno lolote la zege nitakulaza kwenye gari. Akaenda. Nilimsikiliza kwa nyuma ya karavani.

"Haya, jirani," Minko alisema. "Mke wangu anasema una shamba huko juu. Unapanda nini, viazi?"

Ilikuwa namna yake ya kuomba amani. Anamjua Zapryan miaka yote hiyo, na hakukumbuka kwamba Zapryan anaweza kuchekea chochote isipokuwa nyumba yake.

"Sina shida na mtu."

"Nimekuja kukusaidia, bwana wewe, usijitie ukali."

"Nilipohitaji msaada ulikuwa unachanganya saruji. Toka mbaoni kwangu."

Minko alirudi, akavua viatu, akasema yeye ameshatimiza wajibu wake. Nikaenda kwa Stoil. Stoil akaja, akalitazama toka chini, akasifu kitambaa, akasema atazungumza na mzee, akazungumza naye kuhusu bei ya pilipili. Nilimpigia simu binti yao. Akasema, "Shangazi Neda, mimi nilishasema apelekwe nyumba ya wazee, hakuna aliyenisikiliza." Kila mtu alikuwa ameshasema lake. Turubai likabaki juu.

Yonka hakunyoosha kidole tena baada ya siku ile. Nadhani alichoka. Nilikuwa nikienda kukaa naye mchana, namsimulia umbea wa kambi, yeye anatazama bahari kidogo, halafu macho yanapanda kwenye maua na kubaki huko. Siku moja nilimuuliza, "Unaogopa?" Akanishika kidole gumba kwa ule mkono mzima, akakiminya kwa nguvu mpaka nikaumia.

Dhoruba ilikuja Septemba, baada ya chakula cha mchana, toka upande wa bahari. Haikutupa nafasi hata ya kuanua nguo. Mvua ilianguka kwa kishindo, mialoni ikaanza kumwaga matawi, na mfereji wa Minko ukajaa hapo hapo. Kila mtu akakimbilia ufagio wake. Mimi na Minko tulikuwa tunasukuma letu, maji yanatumwagikia shingoni, na macho yangu yalikuwa kwa jirani.

Zapryan naye alikuwa amesimama chini ya lake na ufagio wenye soksi. Yonka alikuwa kitandani pembeni yake, pale pale ukingoni. Mtu angedhani atambeba kwanza amwingize ndani, kisha ahangaike na turubai. Hapana. Alikuwa na hofu kwamba turubai litapasuka, Yonka akose pa kukaa. Akasukuma. Hakuna kilichosogea. Ilikuwa kama kusukuma tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Akasukuma kwa bega, mpini ukavunjika.

"Mwingize ndani!" nilimpigia kelele. "Zapryan! Mwingize Yonka ndani!"

Sijui kama alinisikia. Alichukua kisu cha jikoni, akapanda kiti, akararua maua ya poppi toka kona hadi katikati, na kitambaa kikaning'inia. Hapo mgombea akaonekana tena, ila uso wake wote ulikuwa umevimba chini kama gunia, meno yametanuka upana wa mikono miwili. Zapryan akamchoma kisu. Maji meusi yakaruka, yakamwogesha, yakamwagika mbaoni kwa wingi, kisha yakapungua, yakawa uzi.

Akanigeukia, amelowa tope, anacheka. Alicheka kwa furaha, Mungu amsamehe.

"Umeona, Neda? Yametoka! Yametoka yote!"

Alikuwa ametoboa bango la chini. Mabango ya juu yake yalikuwa bado yamebeba maji yao, na mvua ilikuwa inaongeza. Nikaona nguzo ya kona, ile ya upande wetu, inateleza pole pole kwenye ubao. Nilitupa ufagio.

"Minko!"

Minko aliona nilichokiona. Aliruka ukingo wake wa zege miguu mitupu, anakimbia kwenye maji ya magotini, anapiga kelele, "Mtoe! Mshike miguu, nakuja, mshike!" Na Zapryan sasa akaelewa angalau kwamba kuna haraka. Alisimama kwenye ukingo wa jukwaa, upande wa bahari, akainama juu ya Yonka, akapitisha mikono chini ya mabega yake kama kila jioni.

Yonka alikuwa chali. Alikuwa anatazama juu kupitia begani kwake. Nilimwona akiutoa mkono wake mzima chini ya shuka, akauweka kifuani kwa Zapryan, akamsukuma. Sikujua kama mwili ule ulikuwa bado na nguvu hizo. Labda ndizo zote alizokuwa amebakiwa nazo. Zapryan alikuwa amesimama kwenye mbao zenye utelezi. Miguu ikamtoka, akaanguka kinyumenyume nje ya jukwaa, mchangani, kwenye mvua.

"Yonka, acha ukorofi!" alimfokea akiwa bado chini.

Nguzo ikatoka. Zile nyingine zikaifuata, na turubai likashuka lote kwa pamoja, kwa sauti nzito ya kitu kilicholowa. Minko alikuwa hatua mbili tu kutoka kitandani.

Tulichimba. Ndivyo inavyopasa kusemwa, tulichimba, kwa majembe, kwa visu, kwa mikono, kambi nzima. Stoil alikuja na shoka. Tunakata bango, chini yake tope, mizizi na mbegu za miaka, tunalifukua, tunafika kwenye bango jingine. Zapryan alikuwa anachimba kwa kucha na kuongea na Yonka bila kupumzika, anamwambia vumilia mama, tumefika, tumefika. Minko alikuwa kando yake, wanapokezana kisu bila kutazamana. Tulipofika tulikuwa tumechelewa, na aliyekuwa wa kwanza kumgusa Yonka alikuwa mimi, kwa hiyo ni mimi niliyewaambia wanaume waache.

Mazishi yalikuwa Dimitrovgrad, na siku ya arobaini tulikwenda tena, mimi na Minko. Zapryan alikuwa amesimama kando ya kaburi na bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari, anawagawia watu, kama ilivyo desturi yetu ya arobaini, kwenye vikombe vya plastiki. Alikuwa amekonda mpaka koti linamning'inia. Minko alimpa mkono, akaushika, na Minko akaenda zake kuvuta sigara nyuma ya ukuta maana hakuwa anajiweza.

Nilisikia Zapryan akimweleza kila mtu jambo lile lile. Alimweleza padri, alimweleza dada yake, aliwaeleza wanawake wa kantini. Zamu yangu ilipofika akanieleza na mimi, kana kwamba sikuwepo.

"Alikufa amenikasirikia, Neda. Nilitaka kumbeba, akanisukuma. Ni kile kitambaa. Nilimfunika, nikamwambia nimemzika mgombea, kumbe yeye anaona kinachokuja. Hakutaka hata nimguse. Na mimi neno langu la mwisho kwake likawa kumwita mkorofi."

Ningeweza kumeza ngano yangu nikaondoka. Watu wengi wameniambia baadaye kwamba ndivyo ningefanya. Lakini nilikuwa nimekaa na uchungu wa yule mwanamke tangu Septemba, na sikuweza kuvumilia asingiziwe hasira mbele ya kaburi lake, yeye ambaye hakuwa na neno la kujitetea.

"Zapryan, nisikilize. Wewe ulikuwa umelipa turubai mgongo. Yeye alikuwa analitazama. Aliona nguzo inatoka. Hakukusukuma kwa hasira, alikutoa."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona akirudi pale, akiinama tena juu ya kitanda, akisikia tena ule mkono kifuani. Kijiko kilikuwa hewani na ngano inadondoka.

"Alikuwa na nafasi ya kusukuma mara moja," nilisema. "Akakusukuma wewe."

Watu waliopanga foleni nyuma yangu wakaanza kukohoa.

"Afadhali ingekuwa hasira," alisema.

Kisha akakijaza kikombe, akakitoa kwa mtu aliyenifuata, akamshukuru kwa kuja.